Tunafunga pamoja, mbona tunafichana?

SWALI: Hujambo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mumias, nina miaka 41. Mwezi wa kwanza mimi na wenzangu 5 wa chama chetu tulianza kufunga kwa saa. Tunakula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, na saa 16 zilizobaki ni maji tu. Tulifungua grupu la WhatsApp ili tutiane moyo. Kila asubuhi tunaandika kilo zetu, na anayekula kabla ya wakati analipa faini ya shilingi 50. Mwanzoni ilikuwa raha. Nilipunguza kilo 5, kisha mizani ikagoma, sasa ni wiki ya saba. Mwenzetu mmoja ana ugonjwa wa sukari. Alilipa faini mara mbili, siku hizi haandiki kitu, na Jumapili iliyopita alitetemeka kanisani mpaka akashikwa mkono. Mimi nami, wageni wa shemeji walipokuja nilikula nao, halafu nikaandika kwamba nimefunga. Mume wangu anasema watu watadhani hanilishi. Je, tuache? Na kama tutaendelea, tusaidiane namna gani?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa kukiri lile la siku ya wageni. Nitalirudia, kwa sababu hapo ndipo grupu lenu lilipopinda. Lakini kwanza huyo mwenzenu.

Mpigie simu leo. Usimwandikie kwenye grupu, mpigie. Muulize anameza dawa gani. Kama ni glibenclamide au gliclazide, au kama anajidunga insulini, asifunge tena mpaka aonane na daktari wake. Dawa hizo huteremsha sukari ya damu hata kama tumboni hakujaingia kitu. Metformin ikiwa peke yake haina hatari kubwa ya namna hiyo, lakini wagonjwa wengi humeza dawa mbili pamoja bila kujua ipi ni ipi, kwa hiyo aende na pakiti zake mkononi. Kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika: hivyo ndivyo sukari iliyoshuka inavyojitangaza. Kipimo cha kidoleni kikisoma chini ya 4 (mmol/L), mfungo umekwisha saa hiyo hiyo, hata kama zimebaki dakika 5. Akoroge vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, asubiri dakika 15, apime tena, kisha ale chakula cha kushiba. Kama hana kipimo na anatetemeka, anywe tu. Asingoje kuthibitisha.

Nina sababu ya kulisema hili kwa nguvu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kliniki niliyokuwa nikifanya kazi hapa Kisumu, nilimkuta mama mmoja ameketi kwenye benchi la nje akijaribu kufungua pakiti ndogo ya glukosi. Vidole vilikataa. Akaing'ata kwa meno, ikapasuka, unga ukamwagika kwenye leso yake. Akawa anauokota kwa ncha ya kidole na kuulamba, kidogo kidogo, mkono ukimcheza. Alikuwa amemeza dawa yake saa moja asubuhi, na hajala tangu jana yake saa kumi na mbili jioni. Alipotulia nilimuuliza kwa nini hakununua hata ndizi njiani alipoanza kujisikia vibaya. Akanionyesha simu. Wenzake wawili walikuwa wameandika kwamba wamefikisha saa 18, naye hakutaka kuwa wa kwanza kushindwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo mimi ndiye niliyempima uzito na kumpongeza kwa kilo zilizopungua, na sikumuuliza amezipunguza kwa njia gani. Tangu siku hiyo nauliza, kila mara, hata foleni ikiwa ndefu.

Sasa turudi kwenu. Hakuna ubaya watu kufunga pamoja. Binadamu amefunga pamoja na wenzake tangu zamani, na hapo Mumias una majirani Waislamu wanaoujua mfungo kuliko mimi. Watazame wakati wa Ramadhani. Jua likizama mtu hafuturu peke yake kama anaweza kupata wa kufuturu naye. Tende inapita mkono kwa mkono, uji unamiminwa, na mwenye kidogo anapelekewa sahani na jirani. Na katika mfungo huo mzito, usio na hata tone la maji, mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kuzilipa siku zao baadaye. Ruhusa hiyo imo ndani ya Kurani yenyewe. Ikiwa ibada iliyo faradhi imemwachia mgonjwa nafasi ya kula bila aibu, grupu la kupunguza kiuno limepata wapi mamlaka ya kumtoza shilingi 50?

Ondoeni hiyo faini. Najua vyama vyetu vimelelewa na faini, ya kuchelewa mkutano, ya kukosa mchango, na kwenye pesa inasaidia. Kwenye mwili inafundisha kitu kimoja tu, kuficha. Mwenzenu alilipa mara mbili, akajifunza kunyamaza. Wewe hukulipa hata mara moja, ukajifunza kudanganya. Grupu la kufunga nalipima kwa swali moja: mtu anaweza kuandika "leo nimekula saa tatu asubuhi" bila roho kumdunda? Kama hawezi, siku atakayoshikwa na kizunguzungu hatasema pia.

Tena hizo saa mnazozilinda hivyo hazina nguvu mnazodhani zinazo. Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, China, walitoa matokeo ya watu 139 wenye unene uliopita kiasi, waliofuatwa kwa miezi 12. Wote walipunguziwa chakula kwa kiasi kile kile. Nusu yao waliambiwa pia wale kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, wengine wakala wakati wowote. Waliobanwa kwa saa walipungua kilo 8, wasiobanwa kilo 6.3, na kwa hesabu za kitafiti tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kwamba ni saa ndizo zilizoileta. Kuna utafiti mwingine wa San Francisco, Marekani, wa mwaka 2020, ambao ungefikiri ulifanywa kwa ajili yenu: watu 116, wiki 12, saa za kula ni zile zile zenu, sita mchana hadi mbili usiku, bila masharti yoyote ya kiasi cha chakula. Waliofunga walipungua chini ya kilo 1, na tofauti yao na wale waliokula mara tatu kwa siku haikuwa ya kuhesabika. Na wale waliopimwa kwa kina walionekana kupoteza nyama ya mwili, yaani misuli, zaidi ya mafuta.

Simaanishi kwamba kufunga hakufai. Kuna watu kunawafaa sana, hasa wale ambao ulaji wao mbaya uko usiku, mbele ya televisheni, mkate na chai ya maziwa saa nne. Ukifunga mlango wa usiku umeondoa chakula kingi bila kuhesabu chochote. Kwa hiyo saa 16 ni kamba ya kufungia mlango. Anayefunga mlango kwa saa 12 au 13 na kula vizuri anaweza kupungua kuliko wewe wa 16 unayefungua kwa chapati 3 na soda. (Soda ya nusu lita ina vijiko kama 10 vya sukari au zaidi. Na kwa kuwa naandikia mtu wa Mumias, kwenye mashamba ya miwa: muwa ni sukari hata ukitema makapi.)

Mtaletewa pia ujumbe wa kusambazwa, unaosema kwamba ukifika saa 16 kamili mwili unaanza kula seli mbovu na magonjwa, na kwamba jambo hilo limepewa tuzo ya Nobel. Tuzo ni ya kweli. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliipata mwaka 2016 kwa kueleza jinsi seli zinavyovunja na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa, na kazi yake kubwa aliifanya kwenye hamira. Hiyo saa 16 ya binadamu imeongezwa na watu wa simu. Msimlazimishe mtu kufika saa fulani kwa sababu hiyo.

Kuhusu kilo zako 5 na mizani iliyogoma. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama 3 za maji. Ukianza kufunga akiba inatumika, maji yanatoka, na mizani inashuka haraka kiasi cha kukulewesha. Ndiyo sababu wiki ya kwanza ilikuwa raha. Kisha mafuta yenyewe yanaanza kutoka, na hayo hutoka polepole. Juu ya hapo, mwili mwepesi unahitaji chakula kidogo kuliko mwili mzito, kwa hiyo sahani iliyokupunguza Januari sasa inakutosha tu kubaki ulipo. Mwanamke anayepata hedhi anaweza pia kupanda kilo 1 au 2 za maji siku chache kabla, kisha zikaondoka zenyewe. Sasa fikiria wanawake 6, kila mmoja na mzunguko wake, wakishindanisha namba hizo kila asubuhi. Mnashindanisha maji.

Acheni kuandika kilo kwenye grupu. Kila mtu ajipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda haja, na namba ibaki kwenye daftari lake. Mkitaka kipimo cha maana zaidi chukueni tepu ya fundi wa nguo, mzungushe juu ya kitovu kidogo, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu wako, uko mahali pazuri. Wewe ukiwa na urefu wa sentimita 160, unatafuta kiuno kilicho chini ya 80. Hilo pia ni la daftari.

Basi grupu liandike nini? Liandike chakula cha kwanza. Hapo ndipo watu wanaofunga wanapoharibikiwa, na hapo ndipo mwenzako anaweza kukufaa kweli. Saa sita imefika, njaa inauma, kwenye meza ya shule kuna mandazi yaliyobaki ya saa nne. Mkono unaenda wenyewe. Lakini kama jana usiku mmoja wenu alituma picha ya kibakuli cha omena alizokaanga kwa nyanya na vitunguu, pembeni mrenda, na kidonge cha ugali cha ukubwa wa ngumi yake, basi leo asubuhi wengine wawili wamebeba omena. Nimeliona hilo likitokea, na linasonga kwa kasi kuliko ushauri wangu wowote. Omena kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na ni protini inayolinda ile misuli ya watu wa San Francisco. Maharagwe, mayai ya kuchemsha, maziwa lala, kunde, samaki ngege akipatikana kwa bei nzuri. Nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni chakula kizuri sana cha kufungulia ikiwa maharagwe ni mengi kuliko mahindi. Kuleni taratibu. Tumbo lililokaa saa 16 likishindiliwa kwa dakika 5 litalalamika mchana kutwa, nawe una darasa la saa nane.

Andikeni pia mwili ulivyosema. "Leo kichwa kimeniuma kuanzia saa tatu" ni taarifa yenye faida kuliko "saa 17 na nusu." Mwenzako atakuuliza umekunywa maji kiasi gani, na kwa joto la huku kwetu mara nyingi jibu liko hapo. Au atakumbuka kwamba uliacha chai ghafla. Mtu aliyezoea vikombe 4 kwa siku akiacha siku moja kichwa kitamgonga. Chai ya rangi, hii strungi, bila sukari na bila maziwa, haifungui mfungo. Inywe hapo saa nne pamoja na walimu wenzako. Kikombe kikiwa mkononi hakuna anayekuuliza maswali.

Jambo jingine: gawanyikeni wawili wawili. Watu 6 ni hadhira, na mbele ya hadhira kila mtu anataka kuonekana hodari. Mtu mmoja ni mtu wa kumwambia. Kila jozi ipigiane simu mara moja kwa wiki, dakika 10. Mwenye dawa amwambie mwenzake anameza nini na saa ngapi. Na mtu akiandika kwenye grupu kwamba amekula mapema, jibu liwe "sawa, kesho tuko pamoja." Lisizidi hapo. Msiulize kwa nini, wala msitume vikaragosi vya kulia.

Wageni wa shemeji. Mwalimu, ulifanya vizuri kula. Mgeni aliyechinjiwa kuku kwenye boma la Kiluhya, kisha mke wa nyumba akakaa pembeni na glasi ya maji, ataondoka na maneno ambayo mume wako atayasikia kwa mwaka mzima. Siku ya wageni, ya matanga, ya mahari, ya watoto kufunga shule, kula na watu. Siku 2 katika wiki 2 hazikuharibii chochote. Kilichokuharibia ni ile sentensi uliyoandika baadaye, kwa kuwa wenzako 5 waliisoma wakadhani wewe huwa huyumbi, na yule mwenye sukari alikuwa miongoni mwao. Ukiwaandikia ukweli wa siku hiyo leo jioni, utakuwa umewafanyia kazi kubwa kuliko miezi yote ya kilo.

Na saa zenyewe zinahamishika. Jiulize ni meza gani hutaki kuikosa. Kama ni chai na walimu, kula kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kama ni ugali wa usiku na watoto wako, na mimi ningechagua hiyo, baki na saa zenu lakini jitahidi chakula kiive saa moja badala ya saa mbili. Wenzako wasifuate saa zako. Muuza mboga anayeamka saa kumi alfajiri na mwalimu hawawezi kuwa na tumbo moja.

Mume wako usimpuuze. Katika sehemu zetu hizi mtu akikonda haulizwi anakula nini, anaulizwa anaumwa nini, na wenye umri wetu tunajua miaka ile ya maziko ya UKIMWI ilituachia hofu hiyo. Halafu kuna heshima yake ya kulisha nyumba. Keti naye, mweleze kwa lugha ya afya: presha, sukari, magoti. Mwonyeshe sahani yako ya saa sita imejaa. Akiiona mara mbili tatu atatulia, na pengine yeye ndiye atakayewajibu majirani.

Kama una binti wa miaka 13 au 14 nyumbani, au wasichana wa darasa la juu wanaokusikia ukizungumza na walimu, jihadhari sana. Mtoto anayekua hapaswi kufunga namna hii, na huiga bila kuuliza. Asikusikie ukiuita mwili wako mbaya. Vivyo hivyo msimwingize kwenye grupu mwanamke mjamzito, anayenyonyesha, wala yeyote ambaye amewahi kuingia kwenye mtego wa kujinyima, kula kwa pupa na kujitapisha. Huyo wa mwisho ataonekana bingwa wenu wa kufunga kwa muda mrefu sana kabla hamjajua kwamba anaangamia.

Dawa nyingine fupi fupi. Vidonge vya maumivu kama ibuprofen na diclofenac vikimezwa tumbo tupu huchoma, na vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, basi vingoje mlo. Anayemeza vidonge vya presha vinavyokojoza azungumze na daktari kabla ya kufunga, maana joto na kukojoa vinamkausha. Malaria ikikushika, na huku kwetu haiko mbali, mfungo umesimama. AL, dawa ya malaria, humezwa mara 6 ndani ya siku 3, na inahitaji chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au parachichi, ili iingie mwilini sawasawa. Ukimeza ukiwa umefunga unaweza kumaliza dozi na malaria ikabaki.

Umeuliza kama muache. Mwenye sukari aache mpaka daktari wake aseme. Wengine muendelee kama chakula kimekuwa bora na usingizi ni mzuri. Kama mmeanza kuogopana, pumzikeni wiki 2, mle mara tatu kwa siku, muone nani anarudi kwa hiari yake.

Hizo faini zilizokusanywa, sijui zimefika ngapi. Nendeni duka la dawa na huyo mwenzenu, mnunue kipimo cha sukari, na kama hazitoshi changeni. Kama tayari anacho, nunueni vijiti vyake, maana vijiti ndivyo huisha. Zile shilingi 100 alizolipa yeye mumrudishie kwanza.